Nani Atamwogesha Mzee?

Vikao vya familia juu ya mzee anayeumwa vinafanana sana katika mitaa ya Namatala na Malukhu, upande wa Industrial City Division mjini Mbale. Watoto hukusanyika, aliyeko Kampala huwekwa kwenye simu, na kila mmoja hutaja mchango wake: huyu dawa, yule maziwa, mwingine nauli ya bodaboda ya kwenda hospitali. Mwenye mbuzi kule Bududa huahidi kuuza mmoja. Sala hufungwa, watu huaga. Swali moja halijaulizwa: kesho asubuhi, nani atamwogesha mzee?

Anayelijua jibu yuko nje kwenye sigiri anachemsha chai ya wageni, wala hakuitwa kikaoni. Ni mke wa kijana anayeishi na mzee. Mumewe anafanya kazi kwa zamu katika kiwanda kimojawapo cha Sino-Uganda, eneo la viwanda lililozinduliwa mwaka 2018, au anabeba magunia kwenye mashine za mchele. Akirudi yuko hoi. Watoto wako shule. Anayebaki na mzee kutwa nzima ni yeye, na yeye ndiye ambaye mila inamkataza kumgusa mzee huyo.

Haya yameandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale waliokaa kikaoni bila kumwita.

Stara ya mkwe

Kwa Wamasaba, kama ilivyo kwa majirani zao wengi wa mashariki ya Uganda, mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mwanamke hamkaribii baba wa mumewe, sembuse kumvua nguo. Mwanamume naye humkwepa mama mkwe wake. Sioni sababu ya kuibeza desturi hiyo. Kule milimani ilikaa vizuri kwa sababu boma lilikuwa na watu. Wana wa kiume walilima jirani, wajukuu walikuwa wengi, na wanaume waliotahiriwa pamoja na mzee mwaka mmoja walikuwa hawako mbali. Babu aliogeshwa na mwanawe au mjukuu, bibi akaogeshwa na binti yake, mkwe akabaki na jiko. Mjini boma zima limekuwa chumba kimoja cha kupanga chenye pazia katikati.

Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili, na yote ni mabaya. Ama mzee anakaa bila kuoga mpaka Jumapili, mwanawe atakapopata nafasi, na huku nyuma ngozi inaanza kuchubuka kwenye mikunjo. Ama mjukuu wa miaka kumi na miwili anaachishwa masomo ili amsaidie babu, na mwaka unapita, na hakuna anayekumbuka kumrudisha shule.

Zipo njia nyingine. Ya kwanza ni kuwauliza wazee wa ukoo waziwazi. Wao ndio walinzi wa mila, na ndio pia wenye mamlaka ya kusema kwamba ugonjwa umebadili mambo. Neno lao moja linamwondolea mkwe aibu na lawama ambazo yeye mwenyewe hawezi kujiondolea. Ya pili ni kumlipa kijana wa kiume wa mtaani, mwenye adabu na asiye na pupa, aje nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Ningekuwa mimi ndiye ninayegawa ule mchango wa kikaoni, huyo ningemlipa kwanza, kabla ya maziwa. Ya tatu ni ustadi wa kuogesha wenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuogeshwa kitandani bila kuachwa uchi hata dakika moja.

Fanya hivi. Mfunike mzee mwili mzima kwa shuka au lesu. Andaa mabeseni mawili, moja la maji ya sabuni na jingine la kusuuzia, maji yawe ya vuguvugu na uyapime kwa kiwiko. Anza na uso. Kisha funua mkono mmoja, osha, suuza, kausha, funika. Nenda mkono wa pili, kifua, tumbo, mgongo, mguu mmoja na mwingine. Sehemu za siri ziwe za mwisho, kwa maji mapya. Maadamu mkono wake bado una nguvu, sehemu hizo mwachie mwenyewe: mpe kitambaa chenye sabuni chini ya shuka, geukia pembeni, subiri. Kama ni mwanamke na huwezi kumwachia, futa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Kausha kwa kugusagusa, usisugue, na usisahau chini ya matiti, kwapani, kwenye mapaja na katikati ya vidole vya miguu. Mwambie kila unalotaka kufanya kabla hujalifanya. Mtu aliyeheshimiwa miaka yote hapaswi kushikwashikwa kimya kimya.

Wala si lazima aoge mwili mzima kila siku. Uso, mikono, kwapa na sehemu za siri ni za kila siku. Mwili wote, mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, maana ngozi ya uzee hukauka upesi. Mpake mafuta akishakauka.

Usimwache upande mmoja

Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anaweza kuanza kupata kidonda cha kulalia ndani ya saa chache tu. Kagua kila siku mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: mwisho wa mgongo juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo. Maelekezo mengi husema utafute wekundu, lakini ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi. Tumia mkono. Gusa kwa mgongo wa kiganja. Penye joto kuliko pembeni yake, au pamekuwa pagumu, au rangi yake imeiva na kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, hapo damu haipiti vizuri. Usipakande, kwa kuwa kukanda kunaiumiza nyama iliyokwisha kudhoofika ndani. Mwondoe tu mzee juu ya upande huo.

Mgeuze kila baada ya saa mbili: mgongo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Weka mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Watu wengi husokota kitambaa kikawa pete wakamkalisha mgonjwa juu yake; acheni hilo, pete inabana damu pande zote. Shuka iwe kavu na isiyo na mikunjo. Na msimburute. Watu wawili washike shuka aliyolalia, huyu huku na yule kule, wamwinue kidogo na kumsogeza. Ukiwa peke yako, kunja magoti, mweke karibu na mwili wako, geuka kwa miguu na si kwa kiuno. Wanawake wengi wanaouguza hapa mjini wanatembea na maumivu ya mgongo ambayo hawajamwambia mtu.

Kidonda kikishafunguka, usikijaze majivu, wala majani yaliyopondwa, wala unga wa kapsuli zilizopasuliwa. Kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, kifunike kitambaa safi, na mpeleke mzee kituoni.

Kuna jambo ambalo kwa vyumba vya Namatala lina uzito kuliko hata vidonda, nalo ni safari ya chooni usiku. Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya vyumba, kinatumiwa na familia nyingi, na mvua ya Mbale ikinyesha njia inakuwa utelezi. Mzee anaamka mara tatu kwa mkojo, hataki kumsumbua mtu, anapapasa ukuta gizani, anaanguka, anavunjika nyonga. Wengi hawainuki tena baada ya hapo. Fundi seremala yeyote wa mjini anaweza kukichukua kiti cha mbao chenye mikono miwili, akatoboa tundu la mviringo kwenye kikalio, na chini yake ikawekwa ndoo yenye mfuniko. Kiti hicho kikikaa kando ya kitanda, nyuma ya pazia, safari ya usiku imekwisha. Kwa mchana, mpigilie mti wa kushikia ndani ya choo, pande zote mbili, mwenye nyumba akikubali. Tochi iwe chini ya mto. Ndara zilizolika nyayo zitupwe. Maji anywe mengi mchana, na apunguze saa za jioni. Lakini usimnyime kwa sababu ya mkojo, kwani uzeeni kiu hupungua hata mwili unapokuwa mkavu.

Kuhusu chakula nitasema machache. Matoke ya kupondwa, uji wa ulezi wenye maziwa, mchuzi wa karanga, yai, dagaa wa mukene waliosagwa: vyote ni laini, vyote vinapatikana sokoni, na vinamtosha asiye na meno. Mkalishe wima, kidevu kielekee chini kidogo, kijiko kiwe kidogo, subiri ameze ndipo umpe kingine. Akimaliza akae wima nusu saa nyingine. Ukiona anakohoa kila anapokunywa, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kinaelekea kwenye mapafu. Hilo ni la kumwonyesha mganga wa kituo wiki hiyo hiyo.

Presha haiumi

Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Uganda mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Miongoni mwa wazee hali ni nzito zaidi. Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba hauumi, kwa hiyo mzee anameza vidonge wiki mbili, anajisikia vizuri, anaviacha. Dawa ya presha haina siku ya kumaliza dozi. Inamezwa maisha yote, na anayeiacha ghafla anaweza kupata kiharusi.

Nunua daftari la shule. Ukurasa wa kwanza andika majina ya dawa zote kama yalivyo kwenye pakiti, kiasi, na saa za kumeza. Kurasa zinazofuata andika tarehe, presha iliyopimwa, sukari kama anayo, na jambo lolote jipya: amekataa kula, amevimba miguu, hajapata choo siku tatu. Daftari hilo liende naye Namatala Health Centre IV, liende naye hospitali ya rufaa ya Mbale, na lisibaki nyumbani hata siku moja ya kliniki. Huduma katika hospitali za serikali hazitozwi fedha tangu mwaka 2001, ila dawa huisha kwenye kabati, na mgonjwa huandikiwa karatasi ya kwenda famasi. Mwenye daftari ananunua dawa ileile; asiye nalo ananunua anayopewa. Na dawa za miti shamba ziandikwe humo pia. Mwambie daktari bila woga, kwa sababu baadhi ya mizizi inashusha presha au sukari, na ikikutana na kidonge inashusha kupita kiasi.

Kiharusi hujionyesha kwa mambo matatu ambayo hata mtoto anaweza kuyapima. Mwambie atabasamu: upande mmoja wa mdomo unalegea? Mwambie ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie ataje jina lake: ulimi umekuwa mzito? Lolote likiwepo, tazama saa, iandike, mlaze kwa ubavu, usimpe chakula wala maji wala kidonge, usimchome vidole kwa sindano, mpelekeni hospitali muda huo huo. Msingoje asubuhi.

Akianza kuona watu wasiokuwepo

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu mambo, na ningependa msomaji atulie.

Tenganisha kuchanganyikiwa kwa ghafla na kusahau kwa polepole. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo hajui yuko wapi, anazungumza na watu wasiokuwepo, anavuta hewani vitu ambavyo hamvioni: huyo ni mgonjwa wa dharura. Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa uambukizo wa mkojo, ambao uzeeni mara nyingi hauleti hata homa, au kichomi, au kukaukiwa maji, au sukari iliyoshuka, au choo kilichofunga wiki nzima, au dawa mpya aliyoanza wiki hii. Mengi kati ya hayo yanatibika na akili inarudi. Familia inayosema huo ni uzee tu inampoteza mtu aliyekuwa anapona.

Kusahau kwa polepole ni jambo jingine. Huchukua miezi na miaka. Bibi anarudia swali moja mara kumi, anaacha sufuria motoni, anaweka fedha zake chini ya godoro kisha anamtuhumu mkwe kwamba ameziiba. Baadaye anaamka saa nane usiku, anafungua mlango, anaondoka kwenda kwa mama yake aliyekufa miaka mingi iliyopita. Ni ugonjwa wa ubongo. Haukuletwa na laana ya mtu, wala bibi huyo hamlogi mtu anapozunguka usiku. Nasema hili kwa sauti kwa sababu tumeona katika Afrika Mashariki yetu uvumi unavyogeuka damu: katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wakongwe wameuawa wakiitwa wachawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa yamegeuzwa mekundu na moshi wa miaka mingi jikoni. Ukisikia neno hilo linaanza kunong'onwa juu ya bibi wa nyumba yenu, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, siku hiyo hiyo, na uende na mhudumu wa afya wa kijiji awaeleze majirani ugonjwa ni upi.

Nyumbani, usibishane naye. Akimtafuta mama yake, usimwambie mama alikufa, kwani kila mara atafiwa upya mbele yako. Muulize mama alikuwa anapika nini, alilima wapi. Ataeleza, atatulia. Akikutuhumu wizi, msaidie kutafuta. Mpe kazi ya mikono aliyoizoea, kupura maharage, kukunja nguo. Shona kipande cha kitambaa chenye namba ya simu ndani ya nguo yake, na waambie vijana wa stendi ya bodaboda iliyo karibu, kwani wao huona kila apitaye usiku.

Waliolala leo waliuguza jana

Wengi wa wazee wa Industrial walikuja mjini wakiwa vijana wenye nguvu. Walivutwa na reli, na kiwanda cha nguo, na ghala za kahawa za Bugisu Cooperative Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1954. Jinja ni hivyo hivyo: walioshona na kufuma kule Nyanza Textiles, waliokata miwa Kakira, wamezeeka katika vyumba vilevile vya kupanga. Mashine zilipozimwa hawakurudi kijijini, ama kwa kuwa shamba lilikwisha gawanywa, ama kwa aibu ya kurudi mikono mitupu.

Halafu ukaja ukimwi. Miaka ya themanini na tisini, kina mama hawa ambao sasa wana miaka sabini na themanini waliwazika watoto wao. Waliwageuza kitandani, wakafua mashuka, wakabaki na wajukuu. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, likafungua huduma Mbale pia, na wafanyakazi wake wakawa wanafika majumbani kuwaonyesha jamaa namna ya kumhudumia mgonjwa. Elimu hiyo ilikuwepo katika mji huu. Bibi anayelala leo akisubiri mtu amgeuze, huenda aliijua kazi hiyo kuliko wauguzi wengi wa sasa. Muulize kabla hajasahau.

Karatasi zake

Serikali ya Uganda hutoa ruzuku ya wazee, inayojulikana kwa jina la SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilianza kwa majaribio mwaka 2010 katika wilaya chache, na ilipopanuliwa nchi nzima umri ulipandishwa hadi miaka 80 kwa sehemu kubwa ya nchi. Ni fedha ndogo, lakini zinanunua sabuni, mafuta na dawa ya presha. Tatizo kubwa limekuwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalichapisha ripoti ikionyesha jinsi wazee walivyokosa ruzuku na hata matibabu kwa sababu hawakuandikishwa, au tarehe yao ya kuzaliwa iliandikwa kimakosa, au alama za vidole vilivyochakaa kwa jembe zilikataa kusomeka.

Kwa hiyo kitazame kitambulisho cha mzee leo, usome mwaka wa kuzaliwa. Kama umekosewa, anza kuusahihisha NIRA, mamlaka ya vitambulisho, angali na nguvu za kufika ofisini, ukiwa na cheti cha ubatizo, barua ya msikiti au ushahidi wa LC1. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa divisheni jinsi ya kuandikisha mtu wa kumpokelea mzee asiyeweza kutoka. Walio kati ya miaka 60 na 79 wana mfuko mwingine wa vikundi, SEGOP. Nao uulizieni hapo hapo.

Na wosia. Uandikwe wakati akili bado iko sawa, atie sahihi au kidole mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe wenye kurithi chochote humo, wala wake au waume zao, la sivyo sheria inawanyima walichoandikiwa. Nimeona ugomvi wa kipande kimoja cha ardhi ukimwondoa mzee kwenye nyumba alimokuwa anauguzwa.

Namatala ina hatari yake pia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, ikaua zaidi ya watu ishirini. Aliye kitandani hawezi kukimbia. Nyumba yenye mzee iwe imekwisha kuamua, kabla ya masika, ni vijana gani wawili wa jirani watambeba na watampeleka nyumba gani ya juu. Daftari, kitambulisho na dawa zikae kwenye kavera moja, mfuko wa plastiki, iliyoning'inizwa ukutani.

Maumivu, na yule anayeuguza

Uganda ni kati ya nchi za kwanza Afrika kuliona jambo la maumivu. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ikaanza kutumia mofini ya maji ambayo mgonjwa anainywa nyumbani. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo waweze kuiandika, na wagonjwa huipata bila malipo. Jinja ipo Rays of Hope Hospice, inayowafikia wagonjwa majumbani. Mzee mwenye saratani anayelia usiku hatakiwi kuvumilia. Iulize hospitali moja kwa moja: huduma ya kupunguza maumivu iko wapi? Wanaohofia kwamba mofini itamuua au itamfanya mlevi waelezwe na muuguzi aliyesomea; ikitolewa kwa kipimo, inampa usingizi na heshima yake.

Maumivu ya anayeuguza hayana chupa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana watumao fedha kwa simu kutoka Kampala hujiona wamemaliza. Mwanamke anayeamka mara nne usiku kwa miezi minane hupoteza uzito, hukasirikia watoto, husahau dawa yake mwenyewe ya presha. Siku moja anamfokea mzee. Siku nyingine anamvuta mkono kwa nguvu. Anayefika hapo amechoka mno, na dawa ya kwanza ni kulala usiku mmoja mzima, huku mtu mwingine amekaa na mgonjwa.

Kikao cha familia kiandike hayo kwenye daftari lilelile, kwa majina. Fulani anaogesha. Fulani analipia dawa. Fulani anakwenda kliniki. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi ni wa fulani, na aliye mbali asiyeweza kuja analipa mtu wa kukaa usiku huo. Aliyeacha biashara yake ya nyanya sokoni ili auguze alipwe sehemu ya alichokuwa anapata. Hiyo haimgeuzi mtumishi. Mkwe asaini kama wengine. Baada ya mwezi mmoja mkutane tena, muangalie nani alitimiza.

Nyumba za kutunzia wazee ni chache mno nchini. Ile ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, inajulikana na wengi kwa sababu nyingine kama hiyo si rahisi kuzipata. Kwa hiyo kazi itabaki vyumbani Namatala, Malukhu na kwingineko, na wanaoifanya hawajawahi kufundishwa. Baraza la Industrial City Division lina viti vya wawakilishi wa wazee. Tunawaomba walipeleke jambo hili kwenye kikao cha bajeti: siku moja kila mwezi, pale Namatala Health Centre IV, muuguzi mmoja awafundishe wanaouguza namna ya kuogesha, kugeuza, kulisha na kupima presha, na wapewe glavu na sabuni ya kwenda nayo nyumbani. Kitanda kipo, muuguzi yupo, wanafunzi watakuja.